Nani Amelipia Safari?

Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na pia mtangazaji ambaye sura yake ilijulikana karibu katika kila nyumba ya Ujerumani Magharibi yenye televisheni. Kipindi chake cha wanyama kilianza kurushwa mwaka 1956. Siku moja, akiwa hewani, aliwaambia watazamaji kwamba sasa wangeweza kununua safari ya pamoja ya kwenda Afrika Mashariki kuona wanyama, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kujikusanyia. Safari hiyo haikuwepo. Hakuna wakala aliyekuwa ameiandaa. Grzimek alikuwa ameamini tu kwamba inawezekana, akaitangaza. Watu wakaanza kuiulizia kwa mawakala, na mawakala, walipoona wateja wameshajileta, wakaiunda.

Kisa hicho kinagusa karibu kila jambo linalohusu uandishi wa safari na uuzaji wa utalii. Yupo mwanahabari anayeaminiwa. Ipo bidhaa inayotafuta mnunuzi. Wapo watazamaji wasiojua kwamba habari wanayopewa ni tangazo. Na ipo nchi ya mbali inayosimuliwa bila mtu wake hata mmoja kuwepo studioni. Grzimek hakutumwa na hoteli yoyote. Alitaka wanyama waokolewe, na aliamini fedha za watalii ndizo zingewashawishi viongozi wa Afrika kuwalinda. Hata hivyo, mtazamaji aliyemwamini aliambiwa kuna kitu ambacho hakikuwepo, na nia njema haiwezi kulifuta hilo.

Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wamefika Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950 kuhesabu wanyama, wakitumia ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael alikufa, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo baba yake naye alikuja kulazwa baadaye. Filamu yao kuhusu Serengeti ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya enzi hizo iliyoitangaza Tanganyika kwa nguvu kama ile. Ni vigumu vilevile kutaja kazi iliyoacha kwa muda mrefu zaidi picha ya nchi isiyo na watu, kwa sababu Grzimek alishikilia kwamba hifadhi haifai kukaliwa na binadamu yeyote, hata mwenyeji. Mwaka huohuo wa 1959 eneo lile liligawanywa kisheria. Serengeti ikawa hifadhi isiyo na wakazi, na Wamasai waliokuwa wakilisha mifugo humo wakahamia upande wa Ngorongoro, ambako waliahidiwa kuishi pamoja na wanyamapori.

Viongozi wa Tanganyika waliisikia hoja ya fedha. Katika tamko la Arusha la Septemba 1961, miaka 6 kabla ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere aliahidi kwamba serikali yake ingewalinda wanyamapori kama urithi wa nchi na wa dunia. Katika kipindi hichohicho anakumbukwa pia kwa kusema wazi kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila alijua kwamba baada ya almasi na katani wanyama wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato. Ilikuwa kauli ya kiongozi wa nchi maskini aliyepiga hesabu yake vizuri. Lakini tazama utalii ulivyowekwa tangu siku hiyo: kwenye orodha moja na katani. Ukawa zao la kuuzwa nje. Mnunuzi wake yuko ng’ambo, lugha ya tangazo ni ya mnunuzi, na macho anayoazimwa mwandishi ni ya mnunuzi huyohuyo.

Zao hilo huuzwa kwa njia ambayo wasomaji wengi hawaioni. Bodi ya utalii, shirika la ndege na hoteli kadhaa huungana kuwaalika waandishi kutoka soko linalolengwa, tuseme Ujerumani au Marekani. Tiketi imelipwa, chumba kimelipwa, dereva amelipwa, na ratiba imeshapangwa kuanzia kifungua kinywa mpaka chakula cha usiku porini. Mwandishi huyo hapangi foleni getini. Hagombani na mfumo wa malipo uliokwama. Hajui bei ya chakula, kwa maana hakuletewa bili. Hupewa chumba chenye mandhari bora kuliko vyote, na meneja huja mwenyewe kumsalimu. Akirudi kwao huandika makala nzuri, na huenda kila sentensi yake ni ya kweli, kwa sababu ndivyo alivyoona. Msomaji akikusanya fedha za miaka 3 na kufunga safari kwa kufuata makala hiyo, anakutana na mahali pengine kabisa.

Wengi hudhani tatizo hapa ni maadili ya mwandishi mmojammoja. Kwanza tatizo ni hesabu. Magazeti mengi humlipa mwandishi wa kujitegemea kiasi ambacho hakitoshi hata kulala usiku mmoja katika kambi za kifahari za Serengeti. Bila mwaliko hakuna safari, na bila safari hakuna makala. Mhariri anajua, hoteli inajua, mwandishi anajua. Asiyejua ni msomaji. Kwenye vyumba vya habari vya Dar es Salaam na Nairobi watu huizungumzia bahasha ya kaki kama aibu. Ziara ya bure ya siku 5 yenye thamani ya maelfu ya dola ni bahasha pia, ila haikunjwi na kutiwa mfukoni, kwa hiyo wengi hawaioni.

Wapo waliojaribu kuikataa. Mwaka 1987 Harold Evans, mhariri aliyekuwa ameliongoza gazeti la Sunday Times la London, alianzisha jarida la Condé Nast Traveler nchini Marekani kwa ahadi ya kuandika ukweli kuhusu usafiri. Waandishi wake hawakuruhusiwa kupokea safari za bure. Walisafiri kama abiria wengine, na jarida likalipa. New York Times nalo hukataa makala za safari za waandishi waliokubali kugharamiwa na wenye biashara. Misimamo hii iliwezekana kwa sababu machapisho hayo yalikuwa na matangazo ya kutosha kulipia uhuru wake. Gazeti dogo haliwezi kuiga msimamo huo kwa siku moja, na hakuna haja ya kulilaumu kwa hilo. Linaloweza kufanya kuanzia kesho asubuhi ni kusema nani amelipa.

Vitabu vya mwongozo navyo vilipitia mtihani huohuo. Lonely Planet ilianza mwaka 1973 kwa kijitabu cha Tony na Maureen Wheeler kuhusu kuvuka bara la Asia kwa gharama nafuu, na nguvu yake yote ilikuwa kwamba aliyeandika alikuwa amepita njia ileile kwa basi lilelile. Mwaka 2008 mmoja wa waandishi wake, Thomas Kohnstamm, alisema hadharani kwamba hakwenda Colombia wakati wa kuandika sehemu yake ya kitabu cha nchi hiyo, na kwamba malipo hayakutosha. Kampuni ilijibu kuwa kazi yake ilikuwa sehemu ya historia tu, ambayo haikuhitaji afike huko. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali kwa sababu moja: wasomaji walikuwa wamenunua miguu ya mwandishi. Wakati huo BBC ilikuwa imeshaanza kuinunua kampuni hiyo, ikatumia jumla ya pauni milioni 130 hivi, na mwaka 2013 ikaiuza kwa pauni milioni 51.5. Intaneti ilikuwa imeshakula soko la vitabu.

Nafasi ya vitabu ikachukuliwa na simu za mkononi, na nafasi ya mwandishi ikachukuliwa na mtu mwenye wafuasi wengi. Marekani iliona hatari mapema. Mwaka 2009 tume yake ya kusimamia biashara ilieleza katika miongozo yake kwamba mwanablogu anayelipwa au kupewa bidhaa bure lazima aseme hivyo. Afrika Mashariki kijana mwenye wafuasi laki kadhaa anaweza kulala hotelini Nungwi siku 3, akarusha video 12 za bwawa na machweo, na mtazamaji wake wa Mwanza asijue kamwe kwamba hakulipa hata shilingi. Kijana huyo hastahili kutukanwa. Anafanya kazi, na nyingine ni kazi nzuri ya kamera. Anachodaiwa ni maneno mawili mwanzoni mwa video: tangazo hili.

Ndiyo maana katika haya yote mkataba wa Rwanda na klabu ya Arsenal una jambo la kuheshimiwa, hata kwa mtu asiyeukubali. Mei 2018 maneno ya kuialika dunia kuitembelea Rwanda yaliwekwa kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa pauni milioni 30 kwa miaka 3. Paris Saint-Germain ilifuata mwaka 2019 na Bayern Munich mwaka 2023. Wakosoaji waliuliza kwa nini nchi inayopokea misaada ilipe klabu tajiri, na baadaye vita vya mashariki mwa Kongo, ambavyo Rwanda imeshutumiwa kuhusika navyo, vikaleta maswali mazito zaidi. Serikali ya Kigali ilijibu kuwa fedha zinatokana na utalii wenyewe; kibali cha kuwaona sokwe kilikuwa kimepandishwa mwaka 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500. Mjadala huo ulifanyika hadharani kwa sababu tangazo lenyewe lilikuwa hadharani. Hakuna shabiki aliyedhani kwamba maneno yale kwenye jezi ni habari.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimwongoza Peter Greenberg, mwanahabari wa safari kutoka Marekani, katika filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa New York Aprili 18, 2022 na kisha kuonyeshwa Arusha na Zanzibar. Greenberg alikuwa ameshafanya hivyo na viongozi wengine, akiwemo Mfalme Abdullah wa Jordan na Rais Paul Kagame. Ni filamu inayopendeza, na kumwona mkuu wa nchi akiendesha gari hifadhini kulileta fahari ya kweli kwa watu wengi. Lakini mwanahabari ambaye mwongozaji wake ni rais hana nafasi ya kuuliza kuhusu choo cha stendi. Kazi hiyo ni utangazaji wa nchi, na iitwe hivyo.

Baada ya filamu watalii waliongezeka, na wengi wametaja sababu moja tu, filamu hiyo. Takwimu rasmi zinaonyesha Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 922,692 mwaka 2021 na 2,141,895 mwaka 2024. Ongezeko hilo ni kubwa na la kupongezwa. Ila ukitazama jirani, Kenya ilikuwa na takriban 870,000 mwaka 2021 na milioni 2.4 hivi mwaka 2024, na katika miaka hiyo haikuwa na filamu ya namna hiyo. Dunia nzima ilikuwa inatoka kwenye korona na watu walikuwa na hamu ya kusafiri. Huenda filamu iliongeza watu. Mwenye kusema iliongeza wangapi anapaswa kuonyesha hesabu yake. Kazi ya waandishi wa safari ilikuwa kuidai hesabu hiyo, na wengi wao walirudia sifa tu.

Tangazo lina madhara mengine yanayokuja polepole. Picha ya mgunga, twiga na jua linalozama imetumika kuuza nchi nyingi za bara hili kiasi kwamba mnunuzi amejifunza kuiona Afrika kuwa mahali pamoja. Mwandishi Binyavanga Wainaina aliishambulia tabia hiyo mwaka 2005 katika insha yake kwenye jarida la Granta, na wasomaji wakacheka. Mwaka 2014 haikuwa kicheko tena. Ebola ilipoenea Liberia, Sierra Leone na Guinea, mawakala wa safari wa Arusha na Nairobi walianza kupokea barua za kufuta safari. Madrid iko karibu zaidi na Freetown kuliko Arusha ilivyo, na Hispania haikukimbiwa kwa sababu hiyo. Waongoza watalii na wapagazi wa Kilimanjaro walipoteza msimu kwa ugonjwa uliokuwa upande mwingine wa bara. Walioiuza Afrika kwa picha moja kwa miaka mingi hawakuweza kuigawa tena ndani ya wiki mbili.

Twende pwani ya mashariki ya Unguja. Fukwe za Paje na Jambiani hupendwa sana na wauzaji, na neno wanalolipenda ni kwamba hazijaguswa. Maji yakitoka, ufuo huohuo huonekana ulivyo: shamba. Kamba zimefungwa kwenye vijiti safu kwa safu, na wanawake wameinama wakifunga miche ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, na kwa maelfu ya wanawake wa vijiji vile kilikuwa fedha ya kwanza waliyoishika kwa mikono yao wenyewe. Kinachotolewa kwenye mwani hutumika katika dawa ya meno na aiskrimu. Maji ya bahari yamepata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa karibu na ufuo, na nafasi inagombewa na hoteli na wachezaji wa tiara za majini. Hii ni makala ya safari yenye kila kitu: mahali, kazi, mabadiliko, mgogoro, hata chakula. Katika picha za matangazo wanawake hao huonekana kwa mbali kama pambo, bila majina na bila bei ya kilo ya mwani.

Ngorongoro nayo. Watu walioahidiwa mwaka 1959 kuishi na wanyama wamekuwa tangu mwaka 2022 wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema uhamaji ni wa hiari na kwamba hifadhi imeelemewa na watu na mifugo. Wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wamepinga, na Agosti 2024 wakazi walijitokeza kwa maelfu barabarani, mbele ya magari ya watalii. Pande zote zina hoja za kusikilizwa. Mwandishi wa safari aliyelala bure ukingoni mwa kreta hawezi kuzisikiliza, kwa sababu aliyemlaza ana upande.

Sasa tazama nambari nyingine, ambayo haikutengenezewa filamu. Mwaka 2024 watalii wa ndani wa Tanzania walihesabiwa kuwa 3,218,352. Ni wengi kuliko wageni wote wa kimataifa wa mwaka huo. Miaka 3 kabla yake walikuwa 788,933. Zao la kuuzwa nje limepata wanunuzi nyumbani, na wanunuzi hao wanasoma Kiswahili. Wanapewa nini cha kusoma? Mabango, kaulimbiu, na video za wasanii.

Familia ya Kibaha inayotaka kuona tembo haihitaji kuambiwa kwamba tembo ni wa ajabu. Inahitaji kujua kwamba kiingilio cha raia Serengeti kimekuwa kama shilingi 10,000 kabla ya kodi, na kwamba kinachowazuia wengi ni gari, kwa sababu kukodi la siku moja ni mshahara wa mwezi kwa walio wengi. Inahitaji kujua kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na kwamba abiria wa basi huona twiga, nyati na tembo dirishani bila kulipa kiingilio. Inahitaji kujua kwamba treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000, na nani anapeleka watu Mikumi kutoka stesheni, kwa kiasi gani, na kama gari lake lina mikanda. Kenya wameshayaona haya. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipoanza mwaka 2017 kwa nauli ya shilingi 700 za Kenya, familia zilizokuwa hazijawahi kuiona bahari zilijaza mabehewa. Nauli ilifanya kazi ambayo tangazo peke yake lisingeweza.

Uandishi wa namna hii si mgeni katika Kiswahili. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akasimulia kwa Kiswahili alichokiona, na simulizi yake ikachapishwa mwaka 1901 huko Göttingen katika mkusanyiko wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Mwaka 1931 Martin Kayamba wa Tanga alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, akaandika kitabu cha Kiswahili kuhusu aliyoyaona na kuyafanya huko. Hawa walisafiri kwa fedha za wengine, tena za wenye nguvu kuliko wao. Tofauti ni kwamba msomaji anajua tangu mwanzo nani alikuwa bwana na nani alikuwa mgharamiaji, kwa hiyo anaweza kusoma na kupima.

Wahariri wa magazeti na redio za Kiswahili wanaombwa hatua mbili zisizohitaji bajeti mpya. Ya kwanza, juu ya kila makala na kila kipindi cha safari iwekwe sentensi moja inayosema nani amelipa nauli, chakula na malazi. Kama ni hoteli, itajwe, na kama ni bodi ya utalii, itajwe. Ya pili, kabla ya likizo ya Desemba, kila chumba cha habari kimtume mwandishi mmoja kwa basi au treni, kwa fedha za gazeti, mahali ambapo msomaji wake anaweza kufika, na arudi na bei zote. Na wewe msomaji, makala ikikosa sentensi ile ya kwanza, mwandikie mhariri umuulize.